Wakipotea Si Hasara

Hotuba iliyotolewa Tanga, mbele ya vijana wa filamu na familia za mabaharia, kabla ya kuonyeshwa filamu ya Alien

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana wangu, na ninyi wenzangu wa baharini mliokaa pale nyuma karibu na mlango, nawashukuru kwa kuja. Nimepewa nusu saa kabla taa hazijazimwa. Nimeombwa nizungumzie siasa ndani ya filamu ya kutisha, na niliyoichagua ni hii ya leo, Alien, iliyotoka Marekani tarehe 25 Mei 1979. Nimefanya kazi miaka 11 katika vyumba vya mashine vya meli za mizigo. Filamu hii nimeiona mara nyingi kuliko nyingine yoyote, kwa sababu kazi inayofanywa ndani yake naijua kwa mikono yangu.

Mara ya kwanza niliiona kibanda umiza, nikiwa bado sijaota ndevu. Mabenchi ya mbao, magunia yametundikwa madirishani kuzuia mwanga, televisheni moja juu ya kabati, deki chini yake, na pembeni mtafsiri na kipaza sauti chake. Waliokua miaka ile wanajua, mtafsiri ndiye aliyekuwa filamu yenyewe. Akinyamaza, nasi tumepotea. Basi ikafika pale ambapo wafanyakazi saba wa chombo cha anga wameamka kutoka usingizi mrefu, wamekaa mezani wanakula. Mmoja wao, mtu mweusi mwenye kitambaa kichwani, akaanza kuzungumza. Mtafsiri akasema, "Hapa wanadaiana mambo ya hela, tusonge mbele." Akabonyeza, mkanda ukakimbia, sisi tukashangilia. Tulikuwa tumelipa kiingilio tuone dude.

Ilipita miaka mingi kabla sijayasikia maneno ya mtu yule. Niliyasikia baharini, kwenye chumba cha kulia, jioni moja tukiwa Wafilipino, Wahindi na mimi Mtanzania peke yangu. Filamu ikafika mezani pale. Yule mtu mweusi, jina lake Parker, fundi wa injini, anasema kabla hatujatia nanga tuzungumze kwanza habari ya bonasi. Mwenzake Brett anaitikia. Nahodha anawajibu kwamba watapata kilichoandikwa kwenye mkataba kama kila mtu. Brett anasema ndiyo, lakini kila mtu anapata zaidi yetu. Sarahangi wetu, msimamizi wa mabaharia, Mfilipino mtu mzima, akachukua rimoti, akarudisha nyuma, akalitazama tena. Hakuna aliyecheka. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba mtafsiri wetu, Mungu amrehemu, alikuwa ameikata filamu kichwa.

Niwaeleze kwa ufupi mtakachokiona. Chombo kinaitwa Nostromo. Hakibebi mashujaa wala wanajeshi. Ni chombo cha kuvuta mizigo. Nyuma yake kimefunga kiwanda kizima cha kusafishia madini chenye tani 20,000,000 za mawe kinachopelekwa Duniani. Wafanyakazi ni saba na paka mmoja. Wakiwa njiani kompyuta inawaamsha kabla ya wakati, kwa sababu imenasa ishara kutoka sayari isiyo na mtu. Wanakwenda kutazama. Mmoja wao anarudi na kitu kimemganda usoni. Mengine mtayaona wenyewe, na wenye roho nyepesi wajiandae.

Hadi mwisho wa filamu mwajiri wao haonekani. Hana sura, hana ofisi, hana sauti. Midomoni mwao anaitwa Kampuni, basi. Jina lake limeandikwa kwenye kopo la bia, ukiwa na macho makali utaliona, lakini hakuna anayelitamka. Nadhani kila aliyewahi kupanda meli kupitia wakala wa wakala anaijua hali hiyo. Unafanya kazi mwaka mzima kwa mtu ambaye hujui kama ni mtu.

Sasa turudi mezani, kwa sababu hapo ndipo siasa yote ya filamu hii ilipo. Parker na Brett wanalipwa nusu fungu. Hapa Tanga kila mtoto wa mvuvi anajua mafungu. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha ana lake, na mabaharia wanagawana kilichobaki. Mgao ule unaweza kuwa wa haki au wa dhuluma, lakini samaki wanahesabiwa mchangani, mbele ya macho ya kila mtu. Kwenye Nostromo hakuna mchanga. Mgao uliandikwa mahali pengine, na watu ambao hawatakanyaga chombo.

Ishara inaponaswa, Parker anakataa. Anasema hiki ni chombo cha biashara, si cha uokoaji, na kazi hii haimo katika mkataba wangu, mkinilipa nitaifanya. Ni neno la mfanyakazi anayejua thamani ya mkono wake. Anayemjibu ni Ash, ofisa wa sayansi, mtu mpole mwenye sauti laini. Anamkumbusha kifungu cha mkataba: ishara yoyote inayoweza kuwa imetoka kwa kiumbe mwenye akili lazima ichunguzwe, na anayekataa anapoteza fungu lake lote. Nahodha anamuuliza Parker kama amesikia. Parker amesikia.

Sote tulisoma shuleni habari za Chifu Mangungo wa Msovero, aliyetia alama kwenye karatasi ya Karl Peters mwaka 1884, karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Mwaka uliofuata kampuni ya Wajerumani ikapewa hati ya ulinzi na Kaisari wao juu ya Usagara na nchi za jirani, kwa nguvu ya karatasi za namna hiyo. Mwalimu wetu alitufundisha kumcheka Mangungo. Mimi leo simcheki tena, maana nimetia saini mikataba minne ya kazi, na ni mmoja tu niliousoma hadi mwisho. Parker anajua kusoma. Kifungu kile kilikuwa mbele yake siku zote. Na bado karatasi ilimshinda, kwa sababu upande mmoja ndio ulioiandika na upande wa pili ulikuwa na njaa.

Shukeni naye chini kidogo. Baada ya chombo kuharibika wakati wa kutua, tunawaona Parker na Brett kwenye tumbo la chombo, mabomba yanavuja, mvuke unafoka. Brett anakadiria saa 17 za matengenezo. Parker anamwambia awaambie wa juu ni saa 25. Wenzangu wa nyuma pale wanatabasamu. Wanajua kwa nini. Ripley, ofisa wa tatu, mwanamke, anashuka kukagua. Wanamwuliza habari ya fungu lao, anawajibu kwamba sheria inawalinda. Mvuke unapiga kelele, hakuna anayemsikia mwenzake vizuri. Anapoondoka, Parker ananyoosha mkono na kuufunga mvuke. Kimya. Angeweza kuufunga tangu mwanzo. Chumba cha mashine ndiyo silaha pekee aliyonayo mtu wa chini, kelele zake na muda wake. Na wao wenyewe wanasema wazi: hawa wa juu hawaji huku kwenye kazi, kwa sababu hiyo hiyo sisi tunalipwa nusu.

Lakini tazameni nani anayesema kweli katika chombo hiki. Ndilo jambo lililonileta hapa leo.

Kane anaporudishwa na kitu usoni, Ripley yuko mlangoni. Nahodha anamwamuru afungue. Ripley anakataa. Sheria ya karantini inasema saa 24, na akifungua anaweza kuwaua wote. Nahodha anapaza sauti, Lambert anapaza sauti, wako nje na mwenzao anakufa. Ripley anasema hapana. Mara ya kwanza kuitazama utamchukia. Utaona ana roho ya jiwe. Kisha Ash, bila kuamriwa na Ripley, ananyosha kidole na kufungua. Baadaye Kane amelala, wakubwa wanashauriana, na Parker anauliza swali la fundi: kwa nini msimgandishe? Chombo kina vyumba vya usingizi wa baridi. Mgandisheni hadi tufike kwa madaktari. Anauliza tena. Hajibiwi jibu la maana.

Watu wawili walikuwa na haki, mwanamke aliyesimama mlangoni na mtu mweusi kutoka chumba cha mashine. Kama mmoja wao tu angesikilizwa, filamu ingeisha dakika ya arobaini na watu wangefika kwao salama. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani uwakilishi ni kuhesabu nyuso, weusi wangapi, wanawake wangapi, kisha tunapiga makofi. Parker yuko mezani. Ripley ana cheo. Wanaonekana, wanazungumza, wanachekeshana na wenzao. Kitu wasichokuwa nacho ni neno lenye uwezo wa kuuzuia mlango.

Waandishi wa kwanza wa hadithi hii, Dan O'Bannon na Ronald Shusett, waliandika kwamba nafasi zote za wafanyakazi zinaweza kuigizwa na mwanamume au mwanamke. Majina haya tunayoyajua, Ripley, Lambert, nahodha Dallas, ni ya ukoo tu, na yaliwekwa na waliolirekebisha andiko lao baadaye. Kwa hiyo Ripley hakuandikwa kama "mwanamke jasiri." Aliandikwa kama ofisa anayejua kazi yake, kisha akapewa Sigourney Weaver, aliyekuwa bado hajulikani sana kwenye sinema. Ndiyo maana hadi leo anatembea kwenye filamu ile kama mtu na si kama bango. Binti yangu, ambaye naye anasomea kazi ya baharini, aliitazama nami mwaka jana akaniambia, "Baba, umemsifu Ripley sana, mbona Lambert hujamtaja?" Akanionyesha. Lambert ndiye rubani, mwenye kuijua njia, lakini kadiri filamu inavyokwenda kazi yake inageuka kuwa kulia. Woga wote wa chombo umetwishwa mwanamke mmoja ili mwingine aonekane imara. Na mwishoni, akaniambia, kwa nini lazima huyu imara avuliwe nguo mbele yetu akabaki na za ndani? Sikuwa na la kumjibu. Nimeyaleta maneno yake hapa kwa sababu ni ya kweli, na mkiitazama sehemu hiyo leo myakumbuke.

Sasa nije kwenye sentensi niliyoifanya kichwa cha mazungumzo haya.

Kompyuta kuu ya chombo inaitwa Mama. Wanaingia kwenye chumba chake kidogo chenye taa nyeupe nyingi, wanaandika swali, Mama anajibu. Sisi tunachapisha "Nani kama mama" kwenye kanga. Jina hilo wale mabaharia walilichagua kwa mapenzi, au Kampuni iliwachagulia, filamu haisemi. Nahodha akishakufa, Ripley anaingia mwenyewe kwa Mama na kulazimisha jibu. Kwenye kioo inatokea amri namba 937: chombo kimeelekezwa njia mpya, mchunguze kiumbe, mlete sampuli, jambo la kwanza ni kiumbe kifike, mengine yote baadaye. Kisha maneno mawili ya Kiingereza kuhusu wafanyakazi: "Crew expendable."

Maneno hayo mawili yamenisumbua miaka mingi. Nimejaribu kuyatia kwenye Kiswahili. "Wafanyakazi wanaweza kutumika" haifai, kwani wafanyakazi wote wanatumika. "Wafanyakazi watolewe kafara" inakaribia, lakini kafara ina heshima yake, anayetoa kafara anajua ametoa kitu cha thamani. Karani aliyeandika amri ile hakuona kwamba anatoa chochote. Siku moja nikiwa kwenye daladala likanijia: wafanyakazi, wakipotea si hasara. Ni lugha ya daftari la duka. Unaitumia kwa misumari na vipande vya sabuni.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Yule dude hakuwajua, aliwala kama simba anavyokula. Kampuni iliwajua. Ilikuwa na majina yao, vyeti vyao, afya zao, akaunti za mafungu yao. Na ndiyo iliyowala ikawamaliza. Kwa hiyo nikiulizwa zimwi ni nani katika Alien, nasema yule mwenye meno nimemsamehe.

Nisiseme haya kama hadithi ya watu wengine. Mwaka mmoja meli yetu ilitia nanga nje ya bandari moja ya Ghuba. Tulikuwa mabaharia 14. Mwenye meli aliacha kulipa, kisha akaacha kuleta dizeli. Tukazima jenereta mchana ili kuokoa mafuta, majokofu yakazima, nyama ikaoza, tukaitupa baharini. Tulibaki na mchele, maharage na maji ya kupimiwa kwa ndoo. Asubuhi ulikuwa ukigusa ukuta wa kabini yako unaungua. Tulikaa miezi mitano. Nahodha alikuwa mtu mwema. Kila akipata mtandao wa simu aliwapigia ofisini, nasi tunasimama mlangoni tunasikiliza. Simu ile ilikuwa na swali moja, mwezi wa kwanza hadi wa tano: mzigo uko salama? Nahodha anasema uko salama. Hawakuuliza la pili.

Tulitolewa pale na wageni, watu wa kanisa na msikiti, wavuvi waliotuletea samaki, na wakaguzi wa vyama vya wafanyakazi. Siku hizi kuna Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, na marekebisho yake yaliyoanza kutumika Januari 2017 yanamtaka mwenye meli awe na dhamana ya fedha kwa ajili ya mabaharia waliotelekezwa: mishahara hadi miezi minne, chakula, na nauli ya kurudi nyumbani. Vijana mnaojiandaa kupanda meli, dhamana hiyo ina cheti, na cheti kinatakiwa kibandikwe mahali mnapoweza kukiona. Kitafuteni siku ya kwanza kabla hamjafungua mabegi.

Ndiyo maana Ash ananitia baridi kuliko kitu chochote ndani ya filamu. Nahodha anasema wazi kwamba alisafiri safari tano na ofisa mwingine wa sayansi, kisha siku mbili kabla ya kuondoka wakamletea Ash. Ripley anapoijua siri, Ash anamshika, analikunja gazeti na kumsukumia mdomoni. Angeweza kumnyonga. Amechagua mdomo, mahali neno linapotokea. Parker anakuja na kumpiga, kichwa kinakatika, inatoka maji meupe kama maziwa. Ash si mtu, ni roboti aliyewekwa na Kampuni amchunge kiumbe. Wanampa umeme tena wamwulize, na kile kichwa mezani kinalisifu lile dude kwa usafi wake, kwamba halisumbuliwi na dhamira wala majuto. Anaposifu hivyo, sikilizeni vizuri. Anaeleza mfanyakazi ambaye kila kampuni mbaya ingependa kumwajiri.

Wakati filamu hii inapigwa katika studio za Shepperton, Uingereza, mwaka 1978, nchi ile ilikuwa inaelekea majira ya baridi ya migomo, watu wa malori, wa hospitali, wazoa taka, wote wanadai nyongeza. Marekani nayo ilikuwa imeondoka Vietnam mwaka 1975 na kumwona rais wake akijiuzulu mwaka 1974. Watu walikuwa wamechoka kuamini wakubwa. Mwongozaji, Ridley Scott, alikuwa ametengeneza filamu yake ya kwanza mwaka 1977 kutokana na hadithi ya Joseph Conrad, na jina Nostromo limetoka kwa Conrad huyo huyo, kwenye riwaya ya mwaka 1904 kuhusu mgodi wa fedha wa Amerika ya Kusini. Nostromo wa riwaya ni mnyapara wa makuli bandarini, mtu anayeaminiwa na matajiri wote, anayewafanyia kila kazi ya hatari, na ambaye siku moja anagundua kwamba uaminifu wake haukumpa chochote. Conrad alikuwa baharia kabla ya kuwa mwandishi. Mwaka 1890 alipanda mto Kongo hadi Maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo, mahali ambapo Kiswahili kilikuwa kimeshafika na misafara ya pembe za ndovu kutoka Unguja. Alikwenda kwa mkataba wa kampuni ya Wabelgiji na akarudi mgonjwa kabla muda haujaisha. Aliyaona makampuni yanavyohesabu pembe na yanavyohesabu watu.

Filamu basi ilijua ilichokisema juu ya Parker. Imemweka mtu mweusi chini kwenye injini kwa nusu fungu, ni kweli, na wapo wanaoilaumu kwa hilo. Mimi siilaumu, kwa sababu imempa Parker mdomo wa kuisema dhuluma yenyewe, na Yaphet Kotto aliyemwigiza ameusema kama mtu anayedai chake, bila kujikunja. Anakufaje Parker? Ana bunduki ya moto mkononi, dude liko mbele yake, lakini Lambert yuko katikati. Hafyatui. Anaweka chini usalama wake, anakwenda kwa mikono. Aliyehesabiwa nusu alimhesabu mwenzake mzima.

Lakini kuna kitu ambacho filamu haikukijua, na hapa nataka mnisikilize kwa makini, maana ndicho nitakachowaachia.

Ndani ya lile vazi jeusi la dude alikuwamo kijana wa Kiafrika. Bolaji Badejo, mzaliwa wa Lagos, Nigeria, mwaka 1953. Alikuwa akisomea sanaa ya michoro London. Alizidi mita 2 kwa urefu, mwembamba, miguu mirefu, mikono mirefu. Watengenezaji walikuwa wakitafuta mwili ambao ukivishwa dude, mtazamaji asiamini kuna mtu ndani, na mtafutaji wa waigizaji akamwona kijana huyu kwenye baa. Akapelekwa kujifunza tai chi na uigizaji bubu ili mwendo wake uwe wa taratibu, ule mwendo unaofanya damu igande. Alivishwa mpira mwili mzima, na kichwa kirefu kizito juu yake. Kwa sababu ya mkia hakuweza kukaa kwenye kiti, wakamtengenezea bembea maalumu ya kupumzikia kati ya kupiga picha moja na nyingine. Hebu mwoneni pale, taa kali zinawaka, wenzake wako kwenye viti na chai zao, yeye ananing'inia kwenye bembea na kichwa cha zimwi kando yake, anasubiri kuitwa.

Sisemi alidhulumiwa. Kazi aliikubali na aliifanya vizuri kiasi kwamba miaka zaidi ya 40 dunia inaota ndoto mbaya kwa sababu ya mabega yake. Ninachosema ni kwamba filamu iliyojua kuuliza nani haonekani ilimficha wa kwake, na alichaguliwa kwa sababu mwili wake ulionekana kwao kama si wa kawaida ya binadamu. Kwetu sisi ni mwili wa mjomba wetu. Ukienda kwa Wamasai, ukienda kwa Wadinka, utakutana na urefu ule unachunga ng'ombe na kubeba watoto. Waliobuni na kuunda umbo la dude na mitambo yake, akina H. R. Giger na Carlo Rambaldi, walipata tuzo ya Oscar ya mwaka 1980 pamoja na wenzao, na waliistahili. Badejo hakuigiza filamu nyingine. Alirudi Nigeria, akaendesha jumba la sanaa, na mwezi Desemba 1992 akafa kwa ugonjwa wa selimundu, umri wake miaka 39. Humu ukumbini wamo wazazi wanaoujua ugonjwa huo, maumivu yake ya mifupa na safari za usiku za kutafuta damu. Mimi nimemzika mpwa wangu. Tangu nilipoijua habari hii siwezi kulitazama lile dude likinyoosha mkono gizani bila kuufikiria mkono ulio ndani.

Nimekaribia kumaliza. Mwisho wa filamu Ripley yuko peke yake na paka kwenye chombo kidogo. Anarekodi taarifa ya mwisho ya Nostromo. Anaanza na watu. Anawataja mmoja mmoja, Kane, Lambert, Parker, Brett, Ash, nahodha Dallas, wamekufa. Hata Ash amemtaja. Ndipo anaposema mzigo na chombo vimeangamia. Zile tani 20,000,000 amezitaja baada ya Brett.

Kisha maandishi yataanza kupanda. Najua desturi yetu, dude likishakufa watu wanasimama, wanatafuta viatu, mlango unafunguliwa. Leo nimemwomba kijana wa mitambo asiwashe taa. Kaeni. Majina ya waigizaji si mengi, ni tisa tu, na karibu na mwisho wake lipo la Bolaji Badejo. Linapita upesi. Wanaojua kusoma wamsomee aliye jirani, kwa sauti.